Shilingi 200 kwa siku: uchambuzi wa kodi ya mitandao ya kijamii nchini Uganda

Jumapili ya tarehe 1 Julai 2018, watumiaji wa simu nchini Uganda waliamka wakakuta WhatsApp, Facebook, Twitter na Instagram hazifunguki, ilhali vifurushi vyao vya intaneti walikuwa wameshavilipia na salio lilikuwepo. Barua pepe zilisomeka, magazeti ya mtandaoni yalifunguka, Google ilijibu maswali kama kawaida. Kilichofungwa ni ile sehemu ya intaneti ambamo watu huzungumza na watu. Ili ifunguke, kila mwenye laini alitakiwa kulipa shilingi 200 za Uganda kwa kila siku atakayoitumia, kiasi kisichozidi sana senti 5 za dola ya Marekani kwa viwango vya wakati ule. Kodi hiyo, ambayo Waganda waliizoea kwa jina la OTT, ilidumu miaka mitatu.

Tunapozungumzia udhibiti wa intaneti katika Afrika Mashariki, kwa kawaida tunafikiria usiku wa uchaguzi, mitambo inapozimwa na nchi nzima ikakaa gizani. Kisa hiki kinastahili kuchunguzwa kwa makini kwa sababu hapa hapakuzimwa kitu. Kila mlango ulibaki unaweza kufunguliwa, na mtu yeyote angeweza kuingia alimradi alipe kidogo, asubuhi baada ya asubuhi. Hoja ninayoitetea ni kwamba, kama kodi, shilingi 200 zilishindwa vibaya; kama chujio, zilifanya kazi vizuri mno, kwa kuwa ziliwaondoa mtandaoni wenye kipato kidogo na wasio na ujuzi, zikawaacha wenye fedha, wenye Wi-Fi ya ofisini, na wenye jamaa wa kuwaelekeza namna ya kupita pembeni.

Chimbuko lake halikufichwa. Mwezi Machi 2018 Rais Yoweri Museveni alimwandikia Waziri wa Fedha, Matia Kasaija, barua akitaka mitandao ya kijamii itozwe kodi, na sababu aliyoitoa ilikuwa na sehemu mbili zilizofungwa pamoja: serikali ilihitaji mapato, na mitandao hiyo ilikuwa imejaa lugambo, yaani umbea, matusi na soga, ambao gharama za madhara yake huishia kubebwa na serikali. Katika barua hiyohiyo alisema kwamba intaneti inayotumika kwa elimu, utafiti na marejeo isiguswe. Kwa mtu anayechambua sera, barua hii ni muhimu kuliko sheria yenyewe, kwa sababu inaonyesha kwamba tangu mwanzo kodi hii ilibebeshwa mizigo miwili isiyopatana. Kodi ya mapato humtaka mlipaji aendelee na shughuli yake ili alipe tena kesho. Kodi ya kukomesha tabia humtaka aache. Mtunga sheria anayetaka yote mawili kutoka kwa shilingi 200 zilezile, lazima moja limkose.

Ni vizuri pia kukumbuka kwamba uhusiano wa serikali na mitandao hiyo ulikuwa umeshachafuka. Siku ya uchaguzi mkuu, tarehe 18 Februari 2016, Tume ya Mawasiliano ya Uganda, UCC, iliagiza kampuni za simu zifunge mitandao ya kijamii pamoja na huduma za fedha kwa simu kwa maelezo ya usalama, na mwezi Mei mwaka huo mitandao ilifungwa tena wakati wa kuapishwa kwa Rais. Kufungwa huko kuliwafundisha maelfu ya watu jambo ambalo serikali haikulitia hesabuni miaka miwili baadaye: jinsi ya kupakua programu ya VPN, ile inayoficha data ya simu inakoelekea, na kuiwasha.

Bunge lilipitisha marekebisho ya Sheria ya Ushuru wa Bidhaa mwishoni mwa Mei 2018. Marekebisho hayo yaliweka shilingi 200 kwa kila mtumiaji kwa kila siku ya kutumia huduma za OTT, yaani huduma za ujumbe, sauti na picha zinazosafiri juu ya intaneti bila kuwa mali ya kampuni ya simu. Sheria iliiweka kazi ya kukusanya mikononi mwa kampuni za simu, na mzigo wa kulipa ukaangukia kichwa cha mtumiaji. Facebook haikudaiwa hata senti moja, wala Google. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu mojawapo ya hoja zilizotolewa kuitetea kodi ilikuwa kwamba kampuni za nje zinavuna fedha Uganda bila kulipa chochote. Malalamiko hayo yalikuwa na msingi wa kweli kabisa, lakini sheria iliyoandikwa haikuzigusa kampuni hizo.

Tuangalie kwa karibu jinsi mtu alivyolipa, maana ubaya wa kodi hii ulikaa zaidi kwenye utaratibu kuliko kwenye kiasi. MTN, Airtel na Africell zilitoa tangazo la pamoja kwamba malipo yatafanyika kupitia fedha za simu. Mteja wa MTN alibonyeza *165#, wa Airtel *185#, akafuata menyu hatua kwa hatua, akachagua siku moja kwa shilingi 200, wiki kwa 1,400 au mwezi kwa 6,000, akaweka namba ya siri, kisha akasubiri ujumbe wa kuthibitisha. Maana yake ni kwamba mtu mwenye salio la muda wa maongezi, lakini asiye na kitu kwenye akaunti yake ya fedha, ilimbidi kwanza amtafute wakala na kuweka fedha. Na fedha za simu nazo zilikuwa zimeingia kwenye sheria ileile: tarehe hiyohiyo ya 1 Julai miamala yake ilianza kutozwa asilimia 1 ya thamani, hadi makelele yalipozidi na kiwango kikashushwa kuwa nusu ya asilimia, tena kwa kutoa fedha peke yake. Kwa hiyo njia ya kulipia kodi ilipita katikati ya kodi nyingine. Siku ikigeuka, hatua zote hizo zinaanza upya kwa yule aliyelipia siku moja.

Aliyekuwa na shilingi 6,000 mkononi aliondokana na usumbufu huo kwa mwezi mzima. Aliyeishi kwa kipato cha kutwa aliukuta kila alfajiri. Sheria haikuandikwa kuwabagua wawili hawa, na kiasi kwa siku kilikuwa kilekile, ila mmoja alikutana na kodi mara 12 kwa mwaka na mwenzake mara 365. Tukiingia kwenye uzito wa fedha yenyewe, tofauti inazidi: kwa mtu anayenunua kifurushi cha shilingi 500 kwa siku, shilingi 200 ni nyongeza ya asilimia 40, kwa mwenye kifurushi cha 50,000 kwa mwezi, zile 6,000 ni asilimia 12. Kodi ya kiasi kimoja kwa wote siku zote huwaumiza wadogo, na hili halihitaji mtaalamu kulielewa, lakini ni nadra kuliona limewekwa juu ya kitu ambacho watu wanakigusa kila baada ya dakika chache.

Kitaalamu, lango lilijengwa juu ya anwani. Kampuni ya simu haiwezi kusoma ujumbe wa WhatsApp, kwa kuwa umefungwa kwa fumbo tangu unapotoka kwenye simu ya mtumaji, lakini inaona unakwenda wapi. Mamlaka ziliandaa orodha ya majukwaa, kampuni zikaiingiza kwenye mitambo yao, na data yoyote iliyoelekea kwenye anwani za orodha hiyo ikazuiwa mpaka namba ya laini ionekane imelipa. Njia hii inaeleza kwa nini ahadi ya Rais ya kuiacha elimu haikuweza kutekelezwa. Mtambo unaotazama anwani hauwezi kutofautisha umbea na darasa. Mwalimu anayetuma maswali ya mtihani kwenye kundi la WhatsApp la wanafunzi wake, muuguzi anayeuliza jambo kwa mwenzake wa hospitali nyingine, na mtu anayemtukana waziri, wote walikuwa safari moja kuelekea anwani moja, na wote walidaiwa 200. Kwa mtu mwenye simu ya bei nafuu na kifurushi kidogo, elimu na utafiti havikai kwenye maktaba za mtandaoni. Vinakaa humo humo kwenye makundi, anakopata jibu kwa lugha yake na kutoka kwa mtu anayemjua.

VPN ilifanya kazi kwa sababu hiyohiyo ya anwani. Programu hiyo huifunga data yote ya simu ndani ya njia moja iliyofichwa na kuipeleka kwenye kompyuta iliyoko nchi nyingine, na huko ndiko inakofunguliwa na kugawanywa. Mtambo wa kampuni ya simu huona njia moja tu inayokwenda nje, hauoni WhatsApp wala Facebook, basi hauna cha kuzuia. UCC, chini ya mkurugenzi wake mtendaji Godfrey Mutabazi, ilieleza kwamba programu hizo zitazuiwa, na ikawatahadharisha watu kuwa zinakula data nyingi hata kupita ile 200 wanayoikwepa. Tahadhari hiyo haikuwa uongo. VPN huongeza uzito wa data, huifanya simu iwe nzito, na humaliza betri. Zile za bure, ambazo ndizo zilizopakuliwa zaidi, mara nyingi hujilipa kwa kukusanya na kuuza taarifa za watumiaji wake. Lakini watu waliziwasha, na sababu yake si ngumu kuiona: mtu anayeona kitu alichokwisha kukilipia kimefungwa ili alipe tena, huwa tayari kugharimika ili asilipe. Serikali ikawa imewasukuma raia wake wamkabidhi mgeni wasiyemjua mawasiliano yao yote, benki ikiwemo, ili waweze kumsalimu ndugu yao. Naliona hili kuwa ndilo dhara kubwa kuliko yote ya kodi hii, na ndilo lililozungumzwa kidogo zaidi.

Njia nyingine ya kukwepa ilikuwa tulivu zaidi. Kodi ilikamatwa kwenye laini ya simu. Mtu aliyeunganishwa na Wi-Fi ya ofisi, ya hoteli au ya chuo aliweza kupita bila kuulizwa. Wafanyakazi wa Kampala wenye madawati na viyoyozi walikuwa na mwanya ambao muuza ndizi wa soko la Owino hakuwa nao, na hawakuhitaji hata kujua kwamba wanakwepa.

Upinzani ulianza mara moja. Siku chache baada ya kodi kuanza, kundi la watetezi wa haki za mtandaoni liliwasilisha shauri kwenye Mahakama ya Katiba. Tarehe 11 Julai mbunge Robert Kyagulanyi Ssentamu, anayejulikana kwa jina la Bobi Wine, aliongoza maandamano katikati ya Kampala, na polisi waliyatawanya kwa mabomu ya machozi na risasi. Rais kwa upande wake alitoa maelezo marefu akisisitiza kwamba matumizi ya mitandao hiyo ni anasa na kwamba wanaoitumia hawana haki ya kupeleka nje fedha za kigeni zinazopatikana kwa jasho la wakulima. Alikubali kurekebisha ile asilimia 1 ya fedha za simu. Kwenye shilingi 200 hakurudi nyuma.

Takwimu zilipotoka, zilisema zaidi ya wasemaji wa pande zote mbili. Kwa mujibu wa UCC, katika miezi mitatu ya mwanzo watumiaji wa intaneti walipungua kwa zaidi ya milioni 2.5, na waliolipa kodi hiyo wakapungua kwa zaidi ya milioni 1.2. Tofauti ya namba hizi mbili inafaa kutafakariwa. Watu hawakuacha mitandao ya kijamii peke yake na kubaki na intaneti nyingine. Wengi waliiacha intaneti yote. Kwao mitandao hiyo ndiyo iliyokuwa sababu ya kununua kifurushi, na ilipofungwa, kilichobaki hakikuwa na thamani ya kulipiwa. Serikali iliyotaka kutoza sehemu ya umbea na kuiacha sehemu ya elimu ilijikuta imewafungia baadhi ya watu zote mbili. Ikumbukwe pia kwamba kila kifurushi kisichonunuliwa ni kodi ya ongezeko la thamani isiyokusanywa.

Mamlaka ya Mapato ya Uganda, URA, ilikuwa imepangiwa kukusanya shilingi bilioni 284 kutokana na OTT katika mwaka wa fedha wa 2018/19. Ilikusanya bilioni 49.5, yaani kama asilimia 17 ya lengo, na kamishna mkuu wake wa wakati huo, Doris Akol, alitaja VPN na Wi-Fi miongoni mwa sababu. Tuzigawe fedha hizo tuone zinamaanisha nini. Mtu anayelipa kila siku bila kukosa hutoa shilingi 73,000 kwa mwaka. Bilioni 49.5 kwa hiyo ni sawa na walipaji wa kudumu wapatao 678,000 katika nchi yenye watumiaji wa intaneti zaidi ya milioni 13. Kwa kuwa tunajua kwamba waliowahi kulipa walikuwa mamilioni, hesabu inatuambia kuwa wengi wao walilipa kwa kudonoa: siku ya kutafuta kazi, siku ya msiba, siku mtoto aliyeko Dubai au Muscat anapotarajiwa kupiga simu ya video. Siku nyingine walikaa nje.

Hapo ndipo kodi hii inapokutana na suala la udhibiti hata kama hatutazami nia ya aliyeitunga. Mazungumzo ya umma hayahitaji kupigwa marufuku ili yadhoofike. Inatosha kila mtu awe na siku zake za kuingia na zisioane na za mwenzake. Kundi la wazazi wa shule lenye watu 60, ambamo kwa siku yoyote 20 tu wamelipa, si kundi tena. Taarifa inafika imechelewa, hoja inajibiwa baada ya siku tatu, na mwenye kundi anaacha kuandika. Marufuku ya wazi huwakasirisha watu wote kwa pamoja. Ada ndogo huwapunguza mmoja mmoja, kila mmoja akidhani ni yeye tu aliyeishiwa.

Kuna mfano wa karibu unaoonyesha kwamba mambo yangeweza kwenda vingine. Mwezi Septemba 2018 serikali ya Benin ilianza kutoza faranga 5 za CFA kwa kila megabaiti ya mitandao ya kijamii. Watu walipinga, na katika siku chache tu serikali ikaiondoa. Tofauti mojawapo, kwa maoni yangu, ilikuwa ukubwa wa maumivu: megabaiti huisha haraka na kila mtu aliumia siku ileile, tajiri kwa maskini. Shilingi 200 za Uganda zilikuwa ndogo vya kutosha kiasi cha kuwafanya wenye sauti kubwa wazilipe na kuendelea na shughuli zao.

Mwisho wa kisa ulikuja kwa sura mbili ndani ya mwaka mmoja. Tarehe 11 Januari 2021, siku tatu kabla ya uchaguzi mkuu, Facebook ilitangaza kufunga akaunti zilizohusishwa na Wizara ya Habari na Mawasiliano ya Uganda, ikizituhumu kutumia majina bandia ili kukuza hoja za serikali. Kesho yake mitandao ya kijamii ilifungwa, na jioni ya tarehe 13 intaneti yote ikazimwa. Ilirudi tarehe 18, na mitandao mingine ikafunguliwa mwezi uliofuata isipokuwa Facebook. Aliyekuwa amelipa shilingi 6,000 za Januari alikuwa ameilipa serikali kodi ya kuingia mahali ambapo serikali hiyohiyo ilipafunga. Kama palikuwa na hoja yoyote iliyobaki kwamba malipo yale yalimpa raia haki ya kitu fulani, ilianguka wiki hiyo.

Kisha tarehe 1 Julai 2021 OTT ikafutwa, na mahali pake pakawekwa ushuru wa asilimia 12 kwenye bei ya data, ukiacha data ya huduma za elimu na matibabu. Wapinzani wengi walisema ni mwili uleule uliovalishwa nguo nyingine. Sikubaliani nao moja kwa moja. Asilimia 12 ni mzigo, na imeifanya intaneti iwe ghali katika nchi ambamo ilikuwa ghali tayari. Lakini inapima kwa matumizi, haichagui jukwaa, haimsimamishi mtu langoni kila asubuhi, na kwenye kifurushi cha shilingi 500 inatoza kama 60 mahali palipokuwa na 200. Kampuni za nje zenyewe zilifikiwa miaka miwili baadaye, mwaka 2023, Bunge lilipopitisha kodi ya asilimia 5 kwenye mapato yao yanayotoka Uganda, jambo ambalo lingeweza kufanywa mwaka 2018 kama lengo lingekuwa hilo.

Facebook iliendelea kufungwa kwa miaka kadhaa baada ya uchaguzi huo, na Waganda wakaendelea kuiingia kwa VPN, wakiwemo maofisa na taasisi zinazotangaza kazi zao humo. Hesabu ya kukwepa hata hivyo imegeuka. Mwaka 2018 aliyewasha VPN aliinyima hazina shilingi 200. Tangu 2021, VPN ile ile inapoongeza data inayotumika, mwenye simu hununua kifurushi mapema zaidi, na asilimia 12 ya kila kifurushi inakwenda kwa serikali iliyofunga ukurasa anaoutafuta.